Chama cha Mazishi Chaenda Bustanini

Wazo lenyewe lilimjia Ranmenika akiwa anasugua masizi ya sufuria kubwa ya chama, siku moja baada ya kumzika mzee mmoja mfyatua matofali. Alisimama ghafla, mikono imejaa majivu na makumbi ya nazi, akawatazama wenzake walioinama kando ya bwawa.

"Hivi jamani," akasema, "sisi tumewahi kukaa pamoja lini bila maiti katikati?"

Wanawake wakacheka, kisha wakaanza kuhesabu misiba kwa vidole. Chama cha kufa na kuzikana cha kijiji cha Hinguruwewa kilikuwa na viti vyake, turubai lake, sufuria zake na vikombe vyake, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka stoo ila kwa msiba. Chakula cha chama kilikuwa kilekile daima: wali mkavu, boga na samaki wa chumvi. Mtu akiona sufuria ile inapitishwa barabarani, alikuwa haulizi kuna nini. Aliuliza, "Nani tena?"

"Twendeni Peradeniya," Ranmenika akasema. "Kwenye ile bustani kubwa. Tukatembee tu, tule, turudi."

Bustani hiyo alikuwa na kiu nayo ya miaka mingi. Mwanawe Thusitha, alipokuwa mdogo, aliugua mapafu akalazwa hospitali ya huko. Majuma mazima Ranmenika alikesha kwenye kigoda kando ya kitanda cha mtoto, na kila kulipokucha aliona kupitia dirisha vilele vya minazi mirefu ajabu isiyozaa nazi. Mama mwingine wa wodini alimwambia, ile ni bustani, watu huja kutoka nchi za mbali kuitazama. "Ukipona tutaingia," Ranmenika akamwahidi mwanawe. Mtoto akapona, lakini siku ya kuruhusiwa wote wawili walikuwa wamechoka hata kuzungumza, wakapanda basi la kwanza wakarudi nyumbani. Sasa Thusitha alikuwa mwanamume mwenye ndevu na dereva wa basi la kukodi, na mama yake bado hajaingia.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hekalu. Ranmenika alikuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa Mutubanda, msimamizi wa mifereji aliyestaafu, mtu wa viatu vyeusi vinavyong'aa na sura ambayo kila siku ilionekana imetoka matangani.

"Katibu," alianza, "hiki ni chama cha nini?"

"Cha mazishi, aiya," Ranmenika akamjibu kwa adabu, kwa neno la kumwita kaka.

"Na huko bustanini tuna maiti wetu?"

"Hatuna."

"Sasa tunafuata nini?"

Mkewe, Dhanawathi, akadakia kutoka mkekani nyuma kabisa. "Tunafuata maua! Ulinioa nywele zangu zikifika kiunoni, leo zimebaki za kufungia uzi, na maua pekee niliyoyaona nikiwa na wewe ni yale ya juu ya jeneza!"

Ukumbi ukaripuka kwa kicheko. Hata mtawa kijana aliyekuwa akifagia ua alijificha nyuma ya nguzo acheke vizuri. Mutubanda akaona maji yamemfika shingoni. Akakubali, ila kwa sharti moja: bango la chama litundikwe mbele ya basi. Chama hakitoki bila bango.

Wakapanga siku. Kabla haijafika, mhunzi akafariki. Wakamzika kwa heshima zote, wakapanga siku nyingine. Mara hii akafa mkwe wa kinyozi, aliyekuwa mzima wa afya hata jana yake akikwea mnazi. Minong'ono ikaanza. Wengine wakasema safari yenyewe ina nuksi. Na bila mtu kuagiza, macho ya kijiji kizima yakahamia kwa Heenhami.

Heenhami, mkongwe kuliko wote, alikuwa bibi wa kila mtu, achchi wa Hinguruwewa nzima. Meno hakuwa nayo hata moja, tambuu yake aliitwanga kwenye kinu kidogo cha shaba ndipo aiweke mdomoni. Ghafla wanakijiji wakawa wanampitia asubuhi na jioni. Huyu kaleta mchuzi, yule kaleta papai, mwingine kaja tu kumshika mkono na kumsikiliza anavyopumua.

"Mbona mnanipenda hivi?" aliuliza. "Kuna nini?"

Wakamsogezea papai, wakaaga. Ilipobaki siku mbili wasafiri, bibi akashikwa na homa, akakataa chakula. Mutubanda akafungua stoo akatoa turubai nje lipigwe na jua.

Ranmenika akaenda kumwona, moyo mzito. Alimkuta amelala amejikunyata ukutani. Stoo ya chama ilipakana na nyumba yake, na sauti za viti vikihesabiwa zilisikika wazi.

"Ranmenika," bibi akasema bila kugeuka, "viti hivyo ni vya safari, au ni vyangu?"

Ranmenika alitaka kudanganya, akashindwa. "Bado hatujajua, Achchi."

Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na Ranmenika akadhani ni homa. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi.

"Safari yenyewe ni ya wapi?"

Ranmenika akamweleza yote, mpaka vilele vya ile minazi isiyozaa.

"Na mlikuwa mwende bila mimi?"

"Achchi, safari ni ndefu."

"Ya makaburini ni fupi, ndiyo maana sina haraka nayo. Nipe ule uji wa majani niliomrudishia mjukuu wangu asubuhi. Na kiti changu kiwe cha dirishani. Sikai nyuma mimi, natapika."

Habari hizo zilimkuta Mutubanda anakunja bango. Akashika kiuno. "Una wazimu, katibu? Akitufia njiani?"

"Aiya, akitufia njiani chama kizima kimo ndani ya basi, na viti, na sufuria. Hakuna mtu duniani atakayezikwa haraka kama yeye."

Mwenyekiti akarudi kukunja bango lake. Hoja haikuwa na tundu.

Siku ya safari, wanawake walikuwa wamekwisha kuzisafisha sufuria kwa ndimu na maji ya manjano, wakapika ndani yake wali wa tui la nazi, wa kukatwa vipande, wali wa harusi na mwaka mpya, pamoja na pilipili ya kusaga na vitunguu. Ranmenika aliinama juu ya mvuke wake akashangaa: sufuria ileile, harufu nyingine kabisa. Thusitha akapasua nazi mbele ya magurudumu kuomba njia salama. Heenhami akabebwa kwenye kiti cha chama akawekwa dirishani, kinu chake mapajani, homa imemtoka au imemwogopa. Basi halijavuka hata tuta la bwawa, ngoma ikaanza, na kinyozi akasimama kucheza huku amejishikilia bomba la juu.

Jambo moja hawakulifikiri. Bango la mbele liliandikwa CHAMA CHA MAZISHI kwa herufi nyeusi, na wanachama kwa mazoea karibu wote walikuwa wamevaa nyeupe, rangi yao ya msiba. Barabarani magari yakawapisha. Mwendesha baiskeli akashuka, akavua kofia. Watoto wa shule wakasimama wima kando ya njia. Kisha basi likafika usawa wao, wakasikia ngoma na makofi, wakamwona kinyozi anavyozungusha kiuno, nao wakabaki vinywa wazi.

"Wanatuheshimu," Mutubanda alisema kwa fahari.

"Wanatushangaa," mkewe akamrekebisha.

Langoni, mlinzi alisoma bango, akalikaribia basi polepole, viganja vimekutana kifuani.

"Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini nadhani mmepotea. Hapa ni bustani. Marehemu yuko wapi?"

Kabla mwenyekiti hajajibu, kichwa cheupe kikatokeza dirishani, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Marehemu ni mimi, mwanangu. Fungua upesi kabla sijapoa!"

Mlinzi aliruka hatua nzima nyuma. Basi zima likaanguka kwa kicheko, na mwishowe naye akacheka, akifuta machozi kwa mkono wa shati.

Walipoingia, Ranmenika alipatafuta mahali pake bila kuuliza mtu. Minazi ile ilisimama pande mbili za njia, shina jeupe baada ya shina jeupe, mpaka macho yakachoka. Akaenda akaweka kiganja kwenye shina la kwanza. Lilikuwa baridi kama ukuta. Thusitha akaja akasimama kando yake, funguo za basi mkononi.

"Ndiyo hii, Amma?"

"Ndiyo hii. Wewe ulikuwa unalia kutaka embe."

"Na ulinipa?"

"Nikupe wapi, embe si msimu wake!" Akampiga kofi jepesi begani, mkono wake ukakaa pale begani muda mrefu kidogo.

Wengine walikuwa wametawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Heenhami, akibebwa na wanaume wanne kwa zamu, aliwaamuru kushoto na kulia, akavitukana vichaka vya mianzi minene kwa kuwa hakuna aliyeikata akajengea nyumba, akaomba apelekwe tena kwenye maua ya okidi. Mutubanda peke yake ndiye aliyekuwa na malalamiko. Alimjia Ranmenika anahema.

"Katibu, umeona? Kila benchi lina mwavuli, na kila mwavuli una miguu minne! Vijana wa watu! Mchana kweupe!"

"Wamejikinga jua, aiya."

"Jua gani chini ya mti?" Akaenda zake, akikohoa kwa nguvu kila alipopita benchi.

Walikuwa wameshakula wali wakabakisha ukoko tu pale mvua iliposhuka, mvua ya milimani, bila onyo. Watu wakakimbilia basi, sufuria vichwani, bibi akipiga vigelegele juu ya kiti chake. Ranmenika alihesabu vichwa akakuta wamepungua wawili. Akashuka tena, sari yake imemganda mwilini, akaufuata ukingo wa majani mafupi.

Hakwenda mbali. Kwenye benchi la mwisho, mvua ikimwagika pande zote, palikuwa na mwavuli mkubwa mweusi. Chini yake ilionekana miguu minne: miwili ya kandambili zilizolowa, miwili ya viatu vyeusi vinavyong'aa. Dhanawathi alikuwa anasema jambo, na sauti ya kiume isiyowahi kusikika mkutanini ikamjibu kwa kicheko kidogo.

Ranmenika akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Alipofika kwenye basi, Thusitha alikuwa amekwisha kuweka mkono juu ya honi.

"Acha," akamwambia. "Hatuna haraka."