Visiki vya Kahawa

Shamba la kahawa lililo nyuma ya Mugutha lilipokatwakatwa kuwa ploti, tingatinga lilikuja kung'oa mibuni. Mzee Kinyanjui alisikia mngurumo wake akiwa jikoni, anaota moto. Akamwambia bintiye Rachael, "Wanang'oa kahawa. Nenda kaulize kama visiki wanavitoa."

Mzee alikuwa amehamia kwa Rachael kutoka Kinangop baada ya magoti kumlemea. Nyumba ya mawe ilimshinda kabisa. Alisema ukiketi humo ni kama umeketi kisimani. Basi Rachael, aliyekuwa fundi wa kushona nguo, alimjengea jiko la mabati nyuma ya nyumba, na mafiga matatu katikati. Humo ndimo mzee alimoshinda kutwa. Kuni ndizo zilikuwa taabu, kwa maana Mugutha ya sasa imejaa nyumba na miti imekwisha.

Rachael alienda shambani na rafiki yake Ruqayya, jirani aliyepanga chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa. Chumba hicho hakikuwahi kuona jua, na mwanawe Muzammil alikuwa akibanwa na kifua kila baridi ikiingia. Msimamizi wa kazi, mtu mmoja aitwaye Barasa, hakuwa na maneno mengi.

"Chukueni mnachotaka, ni bure," alisema. "Siku tutakayokuja kusawazisha, vilivyobaki tutavichoma hapohapo."

Wakafanya kazi hiyo jioni baada ya jioni, Rachael akishafunga duka. Kisiki cha kahawa ni kigumu, kimejaa mizizi na udongo mwekundu, na shoka likikipiga hovyo hurudi. Ruqayya ndiye aliyekuwa mpasuaji hodari. Vipande vyake vilikuwa vyembamba na vya kulingana. Rachael alipasua vikubwavikubwa, akijipa moyo kwamba vitakaa motoni muda mrefu. Walikodi mkokoteni mara tatu. Kwa kuwa Ruqayya hakuwa na pa kuweka ila kiveranda kidogo, marundo yote mawili yalipangwa kwa Rachael chini ya turubai: la Rachael karibu na jiko, la Ruqayya kando ya ua wa michongoma. Walipomaliza walisimama wakayatazama, mikono imechubuka, wakacheka.

Julai ikaingia na baridi yake, ukungu ukilala juu ya paa hadi karibu saa sita mchana. Ruqayya alikuja na gunia kuchukua kuni. Aliinua turubai, akachungulia.

"Mama Lynn," alimwita Rachael, "hizi zimepungua."

"Umekuwa ukichukua."

"Nimechukua mara moja tu. Njoo uone mwenyewe."

Rachael akaja akaona. Rundo lilikuwa limeliwa upande mmoja hadi chini.

"Labda umesahau."

"Sijasahau. Mimi nauliza tu."

"Unauliza kwangu, mlango wangu, ua wangu. Unataka kusema mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Na ukitaka, hamisha kuni zako. Sikuomba kuwa askari wa kuni za mtu."

Ruqayya alijaza gunia lake polepole, akalifunga, akaondoka nalo kichwani. Hakuaga. Usiku huo Rachael alijirudia maneno yake na kuyaona ya haki. Hakuwahi kugusa hata ufito wa rundo lile.

Wiki iliyofuata stima zilipotea mtaani, cherehani zikanyamaza, naye akarudi nyumbani mapema. Alipoingia langoni alimwona baba yake akitembea kando ya michongoma, bakora mkono mmoja, mkono wa pili umekumbatia kuni. Alitembea kwa shida lakini kwa njia aliyoizoea. Penye pengo la ua aliziweka chini, akazisukuma upande wa pili kwa bakora. Mwanamke mmoja kijana aliinama akaziokota, akasema, "Asante guka," akimwita babu kwa Kikuyu.

Rachael alisogea hadi pengoni. Upande wa pili palikuwa na jengo ambalo halijaisha, na kwenye kona yake kibanda cha mabati anamoishi mlinzi, Kilonzo. Mke wa Kilonzo alikuwa na mtoto mgongoni, mdogo sana, kichwa chake kimefunikwa kofia ya sufu ya mtu mzima iliyokunjwa. Mwanamke aliona uso wa Rachael, akarudi nyuma kidogo na kuni zake.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Peleka tu," Rachael alijibu.

Aliporudi jikoni, baba yake alikuwa ameshaketi, anachokoa moto.

"Baba, zile si zetu. Zile ni za Mama Muzammil."

"Najua. Zako ni nene, hazishiki haraka. Mtoto mchanga hangojei gogo lishike."

"Lakini hukuuliza mtu."

"Ulisema ni za bure," mzee alisema, akasogeza kuni ndani kwa kidole cha mguu.

Rachael alitoka jikoni, moshi umemwingia machoni. Kisha akavaa sweta, akaenda kwa Ruqayya. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila kujipunguzia lawama wala kumpunguzia baba yake. Ruqayya alikuwa akimpaka Muzammil mafuta kifuani. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mngeniambia, ningetoa," alisema. "Kuni si kitu. Lakini ulinifokea kama mwizi uliyemkuta dirishani."

"Ni kweli. Nisamehe."

"Nimesikia."

Rachael alimwambia achukue kwenye rundo lake fidia ya zilizopotea. Ruqayya hakukataa. Kesho yake alituma mkokoteni, ukabeba zake zilizobaki pamoja na sehemu kubwa ya zile za Rachael, akazipanga kwenye kiveranda chake. Tangu hapo wakikutana dukani walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, kila mtu akashika njia yake. Rachael aliona ni bora kuliko kununiana, ingawa jioni zake zilikuwa ndefu.

Kuni zake ziliisha Agosti, baridi ikingali ipo. Alinunua makaa, lakini mzee aliyadharau. Alisema huo si moto, ni kitu chekundu tu. Siku moja Rachael alirudi kazini akakuta jiko tupu na mafiga yamepoa. Alimtafuta chumbani, akamtafuta chooni, mwishowe akapita kwenye pengo la ua.

Mzee Kinyanjui alikuwa kwenye kibanda cha Kilonzo, makoti mawili mwilini, miguu imenyooshwa mbele ya moto. Mke wa Kilonzo alikuwa mwangalifu. Kuni alizopewa alizichoma mojamoja, na nyingine bado zilikuwa zimepangwa ukutani. Ruqayya naye alikuwapo, amempakata mtoto, anamvisha soksi zilizokuwa za Muzammil alipokuwa mchanga. Ilionekana hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuja.

"Karibu Mama Lynn," alisema, akasogea kwenye benchi, mtoto mkononi.

Rachael aliinamisha kichwa, akaingia, akaketi.