Farasi ni Punda Aliyeshiba

Wenye watoto, sikieni hili.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyepata mashine ya kukamua alizeti pale Shelui alijiona mkoa mzima ni wake. Alute alikuwa mmojawapo. Alipochoka kununua redio na makochi, akaenda Arusha akarudi na farasi kwenye lori. Farasi wa nini, hakuna aliyeuliza, maana wote walikuwa wanakula kwake.

Aliyemuuzia alikuja naye hadi Shelui, akawaonyesha namna ya kumpanda. Farasi akiruka, alisema, mwachieni shingo. Shingo ndiyo inayomshika asianguke. Mpandaji ainame mbele, mikono yake ifuate kichwa cha mnyama, asivute hata kidogo. Kristina, shemeji yake Alute, alisikia kila neno, kwa sababu aliyechaguliwa kumpanda alikuwa mwanawe, Kefa.

Alute alicheka. Mtu wa Arusha aje kumfundisha yeye mnyama? Tangu utotoni ameteremsha punda wa magunia korongoni, na punda hushikwa kamba fupi, kichwa juu, mzigo usimwagike. Farasi naye ni punda aliyeshiba, basi. Na wale wala nyama zake wakaitikia kama kwaya.

Kristina alimkamata mwanawe nyuma ya jiko. Akamsihi aachie hatamu, au kama anamwogopa baba yake mdogo, aseme anaumwa tumbo. Kefa akamtazama kama mtu anavyotazama kuku.

"Mama, baba mdogo ana malori. Wewe una nini?"

Siku ya kufungua mashine ya pili, mti wa mkaratusi ukalazwa juu ya mapipa mawili ili farasi auruke, wageni wakapangwa kwenye viti. Kefa akaja mbio, shati jeupe, kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemzaa huyo farasi. Mnyama alikuwa anakuja vizuri, maskini, ameinyoosha shingo anaitafuta njia yake.

"Kaza kamba, Kefa. Kaza," Alute akapaza sauti, soda mkononi.

Kefa akakaza. Kichwa cha farasi kikaenda juu, mgongo ukabonyea, miguu ya nyuma ikachelewa kukunjika, ikaugonga mti. Wakaanguka pamoja, Kefa chini.

Kristina alifika wa kwanza. Mfupa wa bega ulikuwa umeinua shati kama kigingi. Alute naye akafika, akawaruka wote wawili, akachuchumaa kupapasa magoti ya farasi.

Kristina alitaka mwanawe aone, angalau hilo alione. Na Kefa alikuwa anaona. Alikuwa amemkazia macho baba yake mdogo, jasho linamtiririka, midomo imekauka.

"Nisamehe, baba mdogo," akasema. "Sikukaza vya kutosha."

Alute, bila kugeuka, akajibu kwamba hata yeye ameliona hilo.