Mwanamke Asiyekuwepo

Kazini walimwita Nondo. Alibeba maboksi ya marumaru hadi ghorofani bila kutweta, na mafundi walipokaa kupumzika, kwa utani wa chumbani hakuwa na mpinzani. Mkewe alikuwa mshonaji. Watoto walishajitegemea, nyumba ikabaki yao wawili.

Msimu mmoja homa ya virusi ilimwangusha. Alikohoa hadi mbavu zikauma, akawa hawezi hata kujigeuza kitandani. Mkewe aliacha kushona, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akambadilishia mashuka. Akapona, akarudi kupiga magoti sakafuni na kupanga marumaru.

Lakini chumbani mwili ulikataa. Kwanza alisingizia uchovu, halafu mgongo. Baadaye akawa anajifanya amelala kabla taa haijazimwa.

"Baba, kuna nini?" mkewe aliuliza wakinywa chai. "Kama nimekukosea, sema."

"Hakuna kitu."

"Au umepata mtu?"

Nondo alitazama kikombe. Kuitwa mzinzi kulimwia rahisi kuliko kuitwa lile jingine.

"Tuseme hivyo," alijibu.

Mkewe hakulia. Alianza kupekua mifuko na kunusa mashati. Kwa kuwa mwanamke mwenyewe hakuwepo, shaka ilitafuta pa kutua, ikatua kwa msusi wa jirani, rafiki wa mkewe tangu wakiwa wasichana, ambaye Nondo alizoea kutaniana naye akipita. Siku mke alipomfuata saluni na kumwita mwizi wa waume mbele ya wateja, Nondo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Neno moja lingetosha. Akageuka, akaenda zake. Wiki hiyohiyo mkewe akahamia kwa kaka yake.

Habari zilifika kazini, sifa zikazidi. "Kumbe mzee bado umo," walimwambia, naye akacheka nao.

Kilichompeleka kliniki ni pumzi. Ngazi zilianza kumshinda. Daktari, binti wa rika la mwanawe wa mwisho, alimsikiliza kifua, kisha akauliza, "Na mambo ya chumbani?"

"Yako sawa."

"Nauliza kwa sababu kwa baadhi ya walioumwa kama wewe hayako sawa."

Nondo akainamisha kichwa.

"Ugonjwa ule haukuishia kifuani," daktari alisema. "Mwili ukipigana na virusi, mishipa ya damu nayo inaweza kuvimba kwa ndani. Mshipa uliodhurika hautanuki vizuri, damu haifiki kwa wingi inakohitajika. Wasiwasi nao unaongezea. Hujalogwa, baba. Wengi hupata nafuu."

Akampima sukari na presha, akampa dawa, akamwambia aache sigara na awe anatembea. Nafuu ilikuja kwa kusuasua, mpaka asubuhi moja mwili ukaamka wenyewe. Nondo alifurahi kama mtoto. Alipiga shati pasi, akaenda kwa shemeji yake.

Alimweleza mkewe yote: daktari, mishipa, dawa. "Sasa nimepona, mama. Turudi nyumbani."

"Kwa hiyo mwanamke hakuwepo."

"Hakuwepo kabisa." Alisema kama mtu anayekabidhi zawadi.

Mkewe aliweka kando nguo aliyokuwa akishona.

"Nilikuosha hadi nyayo," alisema. "Na hili ungeniambia, ningekuuguza vilevile. Ukaona heri nijione sitoshi. Ukaona heri rafiki yangu aitwe malaya."

"Niliona aibu."

"Ukaivua, ukanivika mimi."

Aliinuka, akavaa viatu. "Twende ukamwambie na yeye."

Alitangulia, Nondo akimfuata nyuma. Saluni ilikuwa na wateja wawili, mmoja kasukwa nusu kichwa. Nondo aliomba wazungumze nje.

"Nilitukanwa humu ndani," msusi alisema. "Sema humuhumu."

Akasema. Maneno yalitoka vipandevipande, hata lile la mwili kukataa, na mteja mmoja akageuza uso ukutani. Alipomaliza, msusi alimpita bila kumtazama, akamwendea mke. Mke alitaka kupiga magoti. Msusi akamshika mabega. Wakakumbatiana, wakalia bila sauti.

Nondo alisubiri mtu amwambie neno. Hakuna aliyemwambia. Akatoka.

Mke hakurudi. Alipanga chumba nyuma ya saluni, akaendelea kushona. Kazini bado wanamwita Nondo. Utani ukianza, yeye huchukua mwiko wake akaenda kuchanganya saruji.