Gauni Arobaini

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, chaki mkononi, akipima jora la pili kwa mara ya tatu. Sura za Daktari zilizochapwa kwenye kitambaa zilimtazama kuanzia ukutani hadi mlangoni, zaidi ya mia, zote zinatabasamu. Alipima kwa utepe, akapima kwa shubiri. Nguo haikutosha.

"Mwenyekiti, hapa yanatoka magauni thelathini. Tena kwa kubanabana."

"Nilisema arobaini." Mwenyekiti wa akina mama wa chama alikuwa bado amesimama, chumbani mle hamkuwa na kiti cha hadhi yake. "Daktari anakuja Alhamisi saa nne. Akina mama arobaini wanampokea. Hao kumi wavae nini, magunia?"

"Dereva wako alisema majora ni matatu. Labda moja limesahaulika garini."

Mama mkwe wa Fundi, aliyekaa kitandani akishona vifungo kwa kupapasa, maana macho yalishamtupa mkono, alisimamisha sindano.

"Fundi," Mwenyekiti alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotisha, "kibali cha kushonea hapa nani alikutafutia?"

"Ni wewe, mama."

"Basi itatosha."

Watu wanane walikuwa wamechukua fomu za kuomba chama kiwasimamishe kugombea urais, lakini sita walikuwa wasindikizaji tu. Mbio zilikuwa za wawili, Daktari na Jembe. Redio ilisema Daktari ametangulia na Jembe yuko visiginoni mwake. Hata mkutano wa kuteua ulikuwa bado miezi mitatu, na tayari watu wa mtaa ule walishajifunza kutazama nyuma kabla ya kutaja jina.

Sasa, kila fundi anajua: nguo ikipungua, unageuza. Kipande kimoja unakikata kichwa juu, kinachofuata kichwa chini, vinaumana kama meno ya zipu, na magauni yanaongezeka bila mtu kujua. Tatizo ni kwamba Fundi alizoea vitambaa vya maua. Ua halina kichwa. Daktari alikuwa nacho.

Vipande vyote vya kichwa chini Fundi alivipeleka nyuma, chini ya kiuno, akavificha ndani ya marinda. Gauni la kwanza alimvalisha mama mkwe.

"Zunguka, mama."

"Nizunguke vipi, kwani mimi pia? Haya. Anaonekana?"

"Haonekani."

"Mshukuru Mungu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Hawa watu siwapendi hata wakiwa kitambaa."

Fundi alicheka, akaketi kwenye cherehani. Ilikuwa ya mama mkwe, nyeusi, ya kupiga kwa mguu. Ilimsomesha mume wa Fundi, ikamzika, na sasa ilikuwa inawalisha wajane wawili. Hawakuwa na kingine. Alikanyaga siku tatu, magauni arobaini yakatimia. Ila lile la kwanza alilijaribisha kwa mtu aliyesimama. Hakumwambia acheze.

Alhamisi Daktari aliposhuka garini, akina mama waliimba, wakapiga vigelegele, halafu kwa raha zao wakamgeuzia migongo na kukata viuno. Marinda yakafunguka. Daktari akajiona kichwa chini kwenye makalio ya wanawake zaidi ya ishirini, akifunguka na kujifunga, anatabasamu tu. Kufika saa sita picha ilikuwa kwenye kila simu. Jioni Jembe alisimama jukwaani akasema, "Ndugu zangu, wenzetu wameshamtafutia mgombea wao kiti!" Umati ukavunjika mbavu.

Fundi aliyasikia kwenye redio ya jirani.

Mabaki ya kitambaa aliyasokomeza ndani ya godoro. Akakumbuka: Daktari akilaliwa je, si ndiyo kosa lile lile? Akayatoa, akayapandisha darini. Kila kiatu kilicholia nje kilimsimamisha roho. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi wakaja: Mwenyekiti, na nyuma yake bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, na wapagazi wawili.

"Cherehani ni hii?" aliuliza Viatu.

"Ndiyo, lakini..."

"Bebeni. Ni ushahidi."

Mama mkwe aliinuka kitandani akipapasa hewa hadi mikono yake ikaigusa cherehani. Akaishika. "Baba, hii imekosa nini? Chuma hakina chama!" Mpagazi alimbandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anamvua pete.

Na Fundi mwenyewe walimchukua; kituo cha polisi walimweka kwenye chumba chenye meza moja. Mwenyekiti alipewa kiti.

"Jembe alikupa nini?" aliuliza Viatu.

"Hajanipa kitu. Hata simjui."

"Humjui Jembe? Nchi nzima inamjua."

"Namjua kwenye picha tu, mkubwa."

"Kwa hiyo unamjua." Akaandika.

Fundi akamtazama Mwenyekiti, akaona hana cha kupoteza isipokuwa ile cherehani, na hiyo walishaichukua. "Mkubwa, majora yalikuwa matatu. Nimeletewa mawili. Ndiyo maana nikageuza. La tatu kaulizeni lilikwenda wapi."

Kalamu haikusogea. Mwenyekiti akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Umeona? Sasa ananisingizia mimi mtu mzima."

"Uchochezi," alisema Viatu, "watu wanakaa ndani miaka." Akamsukumia karatasi iliyokwisha kuandikwa. "Weka sahihi. Jembe alikutuma. Ukiweka, unarudi kwa mkweo."

Walimkalisha siku nne. Siku ya nne, alipoambiwa kwamba bibi kizee anaonekana akiomba chakula milangoni, aliweka.

Akarudi nyumbani, pale cherehani ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Wateja walipita upande wa pili wa njia. Aliyekuwa akimwita shoga jana, leo alikuwa na haraka. Alishona kwa mkono viraka vya majirani wasioogopa sana, nao walikuwa wachache.

Wiki ya tano redio ikatangaza habari njema. Daktari na Jembe wameshikana mikono. Jembe atagombea urais, Daktari atakuwa makamu wake, chama ni kimoja, waliokuwa wakiwachonganisha washindwe na walegee. Mtaani watu walipiga honi. Fundi alikaa kitandani, mkono wa mama mkwe umo ndani ya wake. Kama hao wamepatana, ile karatasi yenye sahihi yake iko wapi, na sasa inasema amemkosea nani?

Kesho yake aliitwa ofisi ya chama. Alitembea akijua harudi.

Chumba cha nyuma, chini ya dirisha, aliikuta cherehani yake. Kikaratasi cha ushahidi kilikuwa bado kimefungwa kwa uzi kwenye gurudumu. Sindano ilikuwa mpya. Kumbe walikuwa wanaitumia.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwenyekiti. "Wakubwa wamesamehe. Jumatatu wanakuja wote wawili. Gauni arobaini. Utashonea hapa hapa, bure, ujisafishe jina. Ukimaliza tutazungumza habari ya cherehani."

Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, Viatu alikuwa anasoma gazeti.

Mwenyekiti akakikunjua kitambaa sakafuni. Jembe na Daktari, bega kwa bega, wanatabasamu mpaka mlangoni. Fundi alipiga magoti. Akapima kwa utepe. Akapima kwa shubiri. Nguo haikutosha.

"Majora mangapi haya, mama?"

"Mawili," alisema Mwenyekiti. "Kwani ulitaka mangapi?"

Viatu alishusha gazeti. Fundi alichukua mkasi, akaufungua, akaushikilia juu ya zile nyuso akitafuta pa kuanzia.