Samaki wa Maji Baridi

Nilikuwa nakaa kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na sikuwa na njia ya kuondoka bila kugombana. Tulikuja kwa muda tu, baada ya mwenye nyumba wetu kuuza nyumba. Huo muda ukaota mizizi. Shemeji hakuwahi kutusimanga. Angetusimanga tungeondoka zamani. Kila nikitaja kuhama alikuwa anacheka, ananipiga bega, halafu ananipa kazi: geti linakwama, dirisha la choo limepasuka, paa linavuja. Mimi ni fundi vioo, lakini kwa mtu anayekulisha unakuwa fundi wa kila kitu.

Safari hii nilikuwa na pa kwenda. Fundi mmoja wa alumini niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa amefungua karakana mji mwingine, akataka mtu wa vioo. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba chenye mlango wake. Mke wangu alishaanza kukunja nguo.

Ndipo shemeji akaenda kung'olewa jino, akarudi na wazimu wa samaki. Kwa daktari wa meno alikuwa ameona tangi la samaki wa baharini, wa njano na wa buluu, wanapita kama wako kwenye gwaride. Akataka na yeye lake, sebuleni, na vioo nikate mimi. Nikakata, nikaunganisha kwa silikoni, nikalijaza maji kulijaribu. Halikutoa hata tone.

Ubishi ukaja kwenye maji. Muuza samaki alitueleza vizuri, tumesimama dukani kwake. Samaki wa maji chumvi wanataka mtu. Chumvi inachanganywa kwa kipimo, na kila siku maji yanapungua kwa joto lakini chumvi haiendi popote, kwa hiyo lazima mtu apime na kuongeza maji. Ukisafiri, unarudi kuzika. Wa maji baridi, wale wa mtoni na ziwani, ni wavumilivu: chakula kidogo asubuhi, na mara moja kwa wiki unawabadilishia maji kiasi kwa maji yaliyolala kwenye ndoo.

Shemeji hakubabaika. "Chumvi si tatizo," akamwambia muuzaji. "Huyu yupo."

Alininyooshea kidole kama mtu anayetaja friji aliyonayo nyumbani.

Nikapigania maji baridi kama napigania urithi. Nikasema umeme unakatika, nikasema chumvi itakula fremu ya chuma iliyobeba tangi, nikasema wale wa baharini wanakufa hata ukipiga chafya. Kwamba nataka kuondoka, hilo sikulisema. Mwishowe akachoka, akanunua samaki tisa wa maji baridi.

Kuwatunza nikamwachia mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani mchana kutwa, na alikuwa anatafuta la kufanya. Tangu asahau gesi wazi, shemeji alimkataza kugusa jiko, na alikuwa ameanza kusema kwamba akiharibu kitu kingine atampeleka akaishi kwa dada mkubwa wa mke wangu, ambako mama hakuwa anaelewana na mtu. Nikamwonyesha chakula, nikamwonyesha ndoo.

"Mama," nikamwambia, "hawa ni samaki wa maji baridi. Chumvi isiwaguse."

Akaniambia nisimfundishe mambo ya maji, alikuwa anateka maji kabla sijazaliwa.

Asubuhi moja mimi na mke wangu tukaenda kuiona karakana. Nikakubaliana na fundi wa alumini nianze mwanzo wa mwezi. Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lake halikuwa na kioo. Mke wangu akacheka, akasema fundi wa kukiweka anamjua, ila anasumbua.

Tuliporudi jioni, mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya tangi na chupa ya friji mkononi, inatoa jasho. Samaki wote walikuwa wanaelea ubavu. Vipande vya barafu vilikuwa vinayeyukia katikati yao.

"Kulikuwa na joto, baba," akasema. "Nikatoa nusu, nikawawekea ya baridi kama ulivyosema. Wakatulia. Nikajua wamefurahi."

Hata ningesema maji matamu, angetia sukari.

Geti likalia. Mama akajaribu kuficha chupa chini ya kiti. Nikaichukua ile chupa. Shemeji akaingia, akaangalia tangi, akauliza nani kafanya hivi. Mke wangu alikuwa ananikazia macho niseme ukweli. Mimi huwa nasema, watu wananijua kwa hilo, na si wote wanalipenda.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewabadilishia maji sasa hivi, nikachukua ya friji bila kufikiri."

Shemeji hakukasirika. Heri angekasirika. Akanipiga bega, akasema kosa ni lake kwa kusikiliza ubishi wangu. Kesho yake tungeleta wa maji chumvi, na kwa kuwa nimewaua hawa, hao nitawalea mwenyewe mpaka wazoee. Nikamuuliza watazoea lini.

"Mwaka, au zaidi," akasema. "Kwani una haraka gani?"

Nikamtazama mama mkwe. Ningesema ninayo, kazi ingerudi kwake, na kwa maji chumvi asingemaliza wiki bila kuharibu, apelekwe.

"Sina haraka," nikasema.

Nikampigia fundi wa alumini. Akasema hawezi kuningoja mwaka mzima, na mimi ningekuwa yeye nisingengoja.

Hesabu ya hasara ya yale maji baridi ni hii. Samaki tisa. Karakana, ambayo meza yake ya vioo kapewa fundi mwingine. Chumba chenye mlango wake. Na mke wangu, aliyerudisha nguo kabatini moja moja bila kuniangalia, na hajanikunjia hata shati tangu siku ile.