Msonobari au Mkungu

Mtende wa katikati ya ua ulipoliwa na wadudu hadi ukakauka, mafundi walikuja wakaukata, wakang'oa na kisiki chake, likabaki shimo. Watu wawili walihuzunika na mmoja akafurahi. Waliohuzunika ni wenye nyumba, Mzee Munir na mkewe Bi Mastula, Wazanzibari wa siku nyingi pale Rashidiya. Aliyefurahi ni Redempta, dada wao wa kazi, mwenyeji wa Mafinga. Tangu afike Dubai alikuwa akianza siku kwa kufagia makuti, tende zilizooza na mavi ya njiwa. Sasa ua ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa, na yeye akawa anakunywa chai yake ya asubuhi ameketi, kama mtu na heshima zake.

Raha hiyo haikudumu. Alasiri moja aliwapelekea wazee chai barazani, akawakuta wamelikodolea macho lile shimo.

"Tupande msonobari," Mzee Munir alisema. "Kijani mwaka mzima. Unasimama wima, haupukutishi majani, hauna makuu. Na yule jirani akipanda juu ya dari lake, hatatuona tena tunavyokunywa chai."

"Msonobari!" Bi Mastula aliweka kikombe chini. "Mti hauna tunda, kivuli chenyewe chembamba, unakaa chini yake jua linakufuata huku na huku. Mie nataka mkungu. Mkungu unafungua matawi kama mwavuli, tena haukawii kukua. Na zile kungu unazigonga kwa jiwe, unatoa lozi yake ya ndani, unakula. Sisi kwetu Kikwajuni, utotoni..."

"Utotoni, utotoni! Hapa ni Dubai, Bi Mastula. Mkungu unamwaga majani mapana kama sinia."

"Na huo msonobari wako mwezi wa saba, jua la hapa linavyochoma? Utatusimamia hapo rangi ya kahawa, wageni watupe pole."

Waliendelea hivyo hadi chai ikapoa. Redempta, aliyesimama na birika, hakusikia habari ya kivuli wala ya lozi. Alisikia ufagio tu. Mkungu hakuwahi kuufagia, lakini majani kama sinia hayahitaji maelezo. Msonobari ndio aliokulia nao. Mzee kusema haupukutishi ilikuwa ni kwa sababu hajawahi kuishi nao. Redempta alikuwa amezitoa sindano zake kwenye blanketi, kwenye unga na kwenye nywele za wadogo zake.

Usiku alimtumia rafiki yake Damaris ujumbe wa sauti. Damaris alikuwa Mkenya, mhudumu wa hoteli ndogo kule Al Muraqqabat, na hakuna jambo lililowahi kumkosesha ushauri. Jibu lake lilikuja likiwa na kicheko ndani yake.

"Skiza, Rede. Ukiwaambia umechoka kufagia, watakuambia ndiyo kazi yako, khalas, basi. Usijitaje kabisa. Hao wazee si wanapendana? Basi mwambie kila mmoja vile mti wake utamuumiza mwenzake. Wote watauacha. Halafu hapo kwa shimo waweke tiles, wewe unapitisha maji tu."

Redempta aliusikiliza ujumbe ule tena, akalala anatabasamu.

Kesho yake alimwanza Mzee, aliyekuwa akisoma gazeti.

"Mzee, ule msonobari ni mti mzuri sana. Kwetu umejaa. Sema tu zile sindano zake..."

"Sindano gani?"

"Majani yake, Mzee. Yakianguka yanasimama yamechongoka juu. Bi Mkubwa naye anapenda kutembea peku hapo uani akianika nguo. Kwetu kuna bibi mmoja alichomwa na sindano, ikaingia, ikasafiri ndani kwa ndani, ikatokea kwenye goti."

Hakukuwa na bibi kama huyo Mafinga nzima. Mzee Munir alishusha gazeti polepole, akatazama kamba ya nguo, akatazama na kandambili za mkewe zilizoachwa mlangoni, kama kawaida, bila miguu ndani yake.

"Ikatokea kwenye goti?"

"Kwenye goti, Mzee. La kushoto."

Jioni ikawa zamu ya Bi Mastula, aliyekuwa jikoni akichambua mchele.

"Bi Mkubwa, mie huo mkungu nautamani kweli. Ila naogopa popo."

"Popo wamefanyaje?"

"Wanazipenda kungu kuliko roho zao. Wanatafuna nusu, nusu wanaiangusha. Asubuhi ua mzima unateleza kama umemwagwa mlenda. Na Mzee anatoka alfajiri kwenda msikitini, kungali giza, na ule mguu wake mbovu..." Hapo Redempta akatikisa kichwa, kama anayeiona ajali yenyewe.

Bi Mastula, mchele aliokwisha kuuchambua aliuchambua upya.

Siku zilizofuata hakuna aliyetaja mti. Chai ililetwa, ikanywewa, wazee wakazungumza habari za wajukuu na bei ya samaki. Redempta alianza kupiga debe kidogo kidogo. Alisema ameona mahali vigae vya rangi ya maziwa, vinang'aa, halafu vinapoza nyumba. Wazee waliitikia "inshallah" bila kumtazama. Yeye aliichukua kama ahadi.

Basi Alhamisi asubuhi kengele ya geti ikalia. Nje palikuwa na pikapu kutoka soko la miche la Warsan, na dereva wake, kijana wa Kiganda aitwaye Yowasi, alikuwa ameshika kichwa.

"Dada, nisaidie," alisema kwa kunong'ona. "Nina mti wa sir, na nina mti wa madam. Sir kasema madam asijue. Madam kasema sir asijue. Na nyumba ni moja! Nianze kumficha nani?"

Redempta alichungulia nyuma ya gari. Msonobari mrefu ulikuwa umefungwa kamba kiunoni, na kando yake mkungu umetanua majani yake mapana, unapunga upepo.

Hapo hapo Mzee Munir alitokea akichechemea kwa furaha.

"Bi Mastula! Njoo uone! Nimekununulia mkungu wako!"

"Mkungu?" Bi Mastula alitoka mbio, peku. "Mbona mie nimekununulia msonobari wako?"

Walitazamana juu ya pikapu ile. Ndege iliyokuwa ikitua ilipita juu yao na kelele zake, na ilipokwisha kupita wazee wale bado walikuwa wanatazamana, macho yamewalowa, kama maharusi waliovishana pete jana. Yowasi alijifanya anakagua tairi.

"Lakini wewe msonobari uliutaka mwenyewe," alisema Bi Mastula. "Umeuachia nini?"

"Ningekuachaje ukanyage sindano? Iingie mguuni, isafiri, itokee kwenye goti?"

"Itokee wapi?"

"Kwenye goti. La kushoto. Na wewe mkungu umeuachia nini?"

"Si hao popo! Uteleze alfajiri na huo mguu wako, nikuokote vipande vipande?"

Mzee Munir alikunja uso. "Popo umewatoa wapi?"

"Na goti la kushoto umelitoa wapi?"

Wakageuka wote wawili pamoja. Redempta alikuwa ameshika geti kwa mikono yote miwili.

"Nilidhani mtaweka vigae," alisema kwa sauti ya kitoto.

Bi Mastula ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea pikapu. Mzee alijaribu kukaza uso kama mkuu wa nyumba, masharubu yakamsaliti. Shimo la pili likachimbwa mchana huo huo, upande wa ukuta wa jirani kwa ajili ya msonobari. Mkungu ukakaa katikati.

Redempta alidhani yameisha. Kumbe wazee nao walikuwa na yao. Kila asubuhi, wakimsikia anakaribia na chai, walianza.

"Mzambarau nao je?" Mzee angeuliza. "Ule unaopaka sakafu rangi ya wino."

"Mzambarau mmoja hautoshi," Bi Mastula angejibu bila kucheka. "Tupande miwili, na msufi. Ile sufi ikipasuka inaruka hadi sebuleni."

Redempta alikonda kwa mawazo. Akaja kuwafumania siku alipogeuka ghafla mlangoni: Bi Mastula amejiziba mdomo kwa mtandio, Mzee anafuta machozi ya kicheko.

"Pandeni msitu kabisa," aliwaambia, "mniletee na tembo wa kuutunza." Akatoka amenuna, na alipofika jikoni akacheka peke yake.

Msonobari ulihangaika sana kiangazi, ncha zikageuka kahawia, ukapona joto lilipopungua. Mkungu ulikunywa maji kama ngamia na kupita urefu wa geti. Majani yake yalianguka kweli, mekundu, makubwa, na Redempta aliyafagia akinung'unika kwa Kihehe ili asieleweke. Ulipozaa mara ya kwanza, Bi Mastula alimwita wakae chini yake na mawe mawili. Waligonga kungu, wakachomoa lozi, nusu zikapondeka pamoja na maganda. Redempta alikula zaidi ya mwenye mti.

Desemba iliyofuata, Redempta alikata nyota ndogo kutoka kwenye karatasi ya kung'aa ya jikoni, akaifunga kwenye msonobari kwa uzi, upande wa nyuma, mahali ambapo huioni mpaka usimame kwenye dirisha la jikoni. Hakumwambia mtu.

Asubuhi yake Mzee Munir alitoka kumwagilia miti. Alizunguka msonobari, akakaa huko nyuma kitambo kirefu. Aliporudi alisimama mlangoni mwa jikoni, mpira wa maji mkononi, uso mkavu kabisa.

"Redempta, ule mti umeshikwa na ugonjwa. Tawi moja la nyuma linang'aa."

Redempta aliinamia sufuria. "Ni ugonjwa wa kwetu Mafinga, Mzee. Unapona wenyewe mwezi wa kwanza."

"Hauambukizi?"

"Hauambukizi, Mzee."

"Khalas," alisema Mzee Munir, akarudi kumwagilia mkungu.