Dakika Ishirini na Saba za Mstari wa Tisa

Daftari la wodi ya wazazi lilianza kulia Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Daktari Sabra alipolifungua ukurasa wa arobaini na mbili. Sista Praxeda, mkunga wa zamu, alikuwa kwenye meza hiyo hiyo akinywa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Hakuinua kichwa.

"Lifunge tu, Daktari," alisema. "Ukilifunga linanyamaza."

Daktari Sabra hakulifunga. Alikuwa mtafiti, na mtafiti akikuta kitu kinalia hutaka kwanza kujua sauti inatokea wapi. Alipitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha kukatikakatika, na kilitoka mstari wa tisa. Mstari huo ulisema: Mastura, miaka ishirini na miwili, wa Mkwaja, uzazi wa kwanza, mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu. Kwenye safu ya hali ya mtoto paliandikwa: mfu.

Akatoa simu, akawasha saa ya kuhesabia. Kilio kilikwisha baada ya dakika ishirini na saba. Praxeda alikuwa ameshaosha kikombe na kwenda kumpima mama mmoja njia ya uzazi, akarudi.

Daktari Sabra alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kutafiti dakika ya kwanza ya uhai wa mwanadamu: nani anavuta pumzi, nani anachelewa, na nini kifanyike kabla ya dakika kwisha. Wenzake aliosoma nao walikuwa na kliniki zao Raskazone, zenye viyoyozi na maegesho. Yeye alikuwa na swali moja tu, nalo ndilo lililomleta kwenye hospitali hii ndogo ya Chumbageni, ambayo haina haja ya kutajwa jina. Hospitali ilikuwa na mfuko mmoja wa kuwapumulisha wachanga, na barakoa yake ilikuwa na ufa. Basi iliwezaje kumaliza miaka miwili bila mtoto hata mmoja kuzaliwa hai kisha akafa?

Waliozaliwa wafu walikuwepo, tena wengi mno. Lakini kifo cha mtoto mchanga hakikuwepo hata kimoja, na ofisini kwa mganga mfawidhi zilining'inia ngao mbili za pongezi.

Sababu haikuwa siri kwa yeyote aliyefanya kazi pale. Mtoto aliyelia kisha akafa huitisha kikao: nani alikuwa zamu, mfuko ulikuwa wapi, mbona ulichelewa. Mtoto asiyelia huchukua mstari mmoja. Watu wa wodi walijifunza kuchagua mstari. Na mifuko mipya ilipogawiwa, ilipelekwa kwenye hospitali zenye vifo, jambo la haki kabisa ukitazama kwa karatasi.

Kwa wiki tatu Daktari Sabra alisikiliza daftari. Mistari yenye neno mfu ilikuwa mia moja arobaini na mitatu. Mia moja na mitano ilikaa kimya, kama ilivyopaswa. Thelathini na minane ililia, kila mmoja kwa muda wake: dakika mbili, dakika kumi na moja, mmoja saa nzima kasoro kidogo. Mama aliyekuja na mtoto wa kuchanja aliposikia aliuliza tu kama kuna wa kumnyonyesha yule, akaambiwa hapana, ni daftari. Fundi aliitwa, akapulizia dawa ya panya, akasaini karatasi ya kazi, akaondoka.

Daktari aliandika makala akaipeleka kwenye jarida. Wahakiki hawakubishana naye kuhusu daftari kulia. Walitaka kujua kama msikilizaji wa pili, asiyejua jibu la wa kwanza, angesikia vile vile. Swali lilikuwa la haki, hivyo akamkalisha Praxeda chumba cha pili, mlango wazi kidogo, na karatasi yake mwenyewe. Walipolinganisha walikubaliana mistari thelathini na saba. Huo mmoja uliobaki ulikuwa na pumzi moja tu, na Praxeda alikuwa akipiga chafya.

Praxeda aliikunja karatasi yake mara nne.

"Wa kwetu Wakatoliki niliwamwagia maji nikawapa majina pale pale," alisema. Baba yake alikuja zamani kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini. "Huyu wa mstari wa tisa alikuwa wa Kiislamu. Nilimsikia. Nilikuwa nauziba ule ufa wa barakoa kwa kidole, Daktari, na hewa ikanitoka vidoleni dakika zote hizo. Alipokwisha nikaambiwa niandike mfu, nikaandika."

Daktari Sabra alikasirika sana, na hakumficha. Lakini alijua vilevile kwamba katika watu wote wa hospitali ile, ni huyu peke yake aliyeziba ufa kwa kidole.

Alhamisi Mastura mwenyewe akaja, amefuatana na mama mkwe wake, Bi Asmahani. Walikuwa wametoka Mkwaja tangu alfajiri na vumbi la barabara lilikuwa bado kwenye mabuibui yao.

"Shikamoo, Daktari," alisema Mastura. "Mie nimefuata karatasi."

"Marahaba. Karatasi gani, mwanangu?"

"Ya kusema mwanangu alilia. Walimzika bila kumsalia, wala jina hana. Karatasi ya hapa ilisema alitoka mfu, na asiyelia hasaliwi. Mie nilimsikia."

"Tukamwambia ni uchungu umemchanganya," alisema Bi Asmahani, akitazama sakafu. "Miezi minane twamwambia hivyo. Chakula hali, usingizi halali. Sasa Shehe Mselem kasema, ama karatasi irekebishwe, ama wapatikane wanawake wanne waliomsikia. Na mule ndani walikuwa yeye na manesi."

Daktari Sabra aliwaacha wakipumzika, akaenda kwa mganga mfawidhi, Daktari Tadeo, na daftari kwapani. Tadeo hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mstari wa tisa mpaka mwisho, mikono juu ya meza, na mara moja alivua miwani akafuta macho.

"Sikatai kwamba linalia," alisema. "Nami nina masikio. Lakini kilio si maandishi. Nikibadilisha mstari huu, itabidi nibadilishe thelathini na minane. Vikao thelathini na vinane. Na zile ngao je?"

"Zirudishe."

"Daktari, maji yakimwagika hayazoleki."

"Sidai yazolewe. Nadai paandikwe kwamba yalimwagika, na yalimwagikia wapi. Ukiandika, mwaka huu tutaletewa mifuko."

Tadeo alisema atalitafakari jambo hilo. Kila mtu hospitalini alijua maana ya kutafakari kwake, maana hata paa la jikoni lilikuwa likitafakariwa tangu mvua za mwaka juzi.

Basi Daktari Sabra akafanya lililokuwa ndani ya uwezo wake. Jumatatu iliyofuata Shehe Mselem aliletwa kutoka Mkwaja akakalishwa chumba cha takwimu, chini ya feni. Wanawake wanne walikuwa Bi Asmahani, Daktari Sabra mwenyewe, Nasma anayefagia wodi, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya kupima presha, ambaye alisema ana nafasi. Mastura alikaa pembeni, kwa kuwa mwenye jambo hajishuhudii. Daktari akafungua ukurasa wa arobaini na mbili.

Walisikiliza dakika zote ishirini na saba. Kuelekea mwisho sauti ilikuwa ndogo, na Nasma akazima feni ili waisikie vizuri. Bi Asmahani alilia bila kujizuia, akamshika mkwewe mkono, akamwambia mbele ya watu wote, "Nisamehe, mwanangu. Tulikuongopea."

"Wanne mmemsikia?" aliuliza Shehe.

Wakaitika, mmoja mmoja.

"Inatosha. Huyu ana sala."

Akasaliwa Ijumaa, kaburini kwake Mkwaja, akapewa jina la Rahimu. Mama wa foleni ya presha alikwenda pia. Alisema hawezi kumsikia mtoto wa watu kisha asimsalie.

Daktari Sabra alitegemea mstari wa tisa utanyamaza baada ya hapo, akaiandika dhana hiyo kama ilivyo desturi ya watafiti. Dhana haikuwa sahihi. Mstari uliendelea kulia dakika zake ishirini na saba, kwa sababu bado ulisema mfu. Mastura akawa anakuja kila mwezi. Hufungua ukurasa, humwita mwanawe kwa jina, na hukaa naye mpaka amalize.

Habari zikaenea, na wazazi wengine wakaja. Hospitali ikawapokea vizuri. Liliwekwa benchi, na mlangoni pakabandikwa tangazo: MUDA WA KUSIKILIZA DAFTARI, JUMANNE NA ALHAMISI, SAA NANE HADI SAA KUMI. Simu zizimwe. Praxeda alipoanza kuandika kwenye mistari mipya "alilia, dakika sita", "alilia, dakika mbili", alihamishiwa kliniki ya macho, na kurasa zile zikanakiliwa upya na mtu mwenye mwandiko mzuri. Mfuko ulibaki mmoja. Ufa wa barakoa ulifika ukingoni.

Mwezi wa sita daftari lilijaa, likafunguliwa jipya, lenye jalada la buluu. Wiki ya pili ya daftari hilo ilileta ngao ya tatu. Viti vya plastiki vilipangwa uani, maturubai yakafungwa, na mgeni rasmi akasimama na hotuba yake.

"Kwa mwaka wa tatu mfululizo," alisema, "vifo vya watoto wachanga katika hospitali hii ni..."

Kwenye kabati la wodi, nyuma yake, daftari la buluu likaanza kulia, ingawa lilikuwa limefungwa.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mstaarabu. Alishusha karatasi, akasubiri. Wageni wote wakasubiri, wengine wameinamisha vichwa. Daktari Tadeo alitazama viatu vyake. Kilio kilikwenda dakika nne na sekunde kumi, kikakoma, na mgeni rasmi akatafuta kwa kidole mahali alipoishia.

"...sifuri," alisema.

Watu wakapiga makofi. Daktari Sabra hakupiga, kwa kuwa mkono mmoja ulishika simu na mwingine kalamu. Aliandika muda, akaandika tarehe, akainuka katikati ya makofi akaenda kulifungua kabati. Alipata mstari wenye neno mfu. Ulikuwa wa nne, ukurasa wa kwanza, wino bado mpya.

Akamwita Nasma, aliyekuwa amesimama mlangoni na fagio.

"Mama wa mtoto huyu," alimuuliza, "anakaa wapi?"